Kamera ya dijitali kwa anayeanza: mwanga, lenzi na uhariri wa picha

Bibi harusi amevaa gauni jeupe, bwana harusi amevaa kanzu nyeupe, na ukuta ulio nyuma yao umepakwa chokaa. Mpiga picha anabonyeza kitufe. Picha inapotoka, gauni limekuwa la kijivu na nyuso za maharusi zimekuwa nyeusi kiasi kwamba macho hayaonekani vizuri. Kamera ni mpya na ni ya bei kubwa. Je, tatizo liko wapi?

Kwa kifupi, kamera imekisia, na imekisia vibaya. Kila kamera ya dijitali, iwe ya bei ya chini au ya juu, hufanya makisio kuhusu mwanga inaouona. Anayejua makisio hayo yanavyofanyika anaweza kuyasahihisha na kupata picha nzuri hata kwa kamera iliyotumika miaka kumi. Asiyejua atabadilisha kamera kila mwaka na nyuso zitaendelea kupotea.

Katika makala haya tunaeleza jinsi kamera inavyofanya kazi, mambo ya kuangalia unaponunua, tofauti za lenzi, namna ya kuuongoza mwanga, na jinsi ya kuhariri picha bila kuiharibu.

Kamera ya dijitali inafanyaje kazi?

Kamera ya kwanza ya dijitali ya kubebeka ilitengenezwa mwaka 1975 na mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak nchini Marekani. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 3.6, ilipiga picha isiyo na rangi yenye vidoti elfu kumi tu, na ilihitaji sekunde 23 kuihifadhi picha moja kwenye kanda ya kaseti.

Msingi wake haujabadilika hadi leo. Mwanga unapita kwenye lenzi na kuangukia kihisi, yaani kibapa cha kielektroniki kilichochukua nafasi ya filamu. Kihisi kina mamilioni ya vijichumba vidogo. Kila kimoja hupima mwanga uliokifikia na kuugeuza kuwa namba, na namba hizo zikipangwa pamoja ndiyo picha. Vidoti milioni moja huitwa megapikseli moja. Kamera yenye megapikseli 24 hutoa picha yenye vidoti 6000 kwa upana na 4000 kwa kimo.

Wauzaji hupenda sana kutaja megapikseli, lakini hesabu ndogo inatosha kuonyesha kuwa huhitaji nyingi. Picha ya kawaida ya albamu, ya inchi 6 kwa 4, ikichapishwa kwa kiwango kizuri cha vidoti 300 kwa inchi, inahitaji vidoti 1800 kwa 1200. Hizo ni megapikseli mbili na kidogo. Megapikseli 24 zinakutosha kuchapisha picha yenye upana wa inchi 20, sawa na nusu mita, kwa kiwango hicho hicho.

Jambo lenye uzito zaidi ni ukubwa wa kihisi chenyewe. Kihisi kikubwa hukusanya mwanga mwingi, kwa hiyo picha za usiku au za ndani ya ukumbi hutoka safi zaidi. Kihisi kinachoitwa ful fremu kina milimita 36 kwa 24, sawa na filamu ya zamani ya milimita 35. Kile cha APS-C, kinachopatikana kwenye kamera nyingi za wanaoanza, kina takriban milimita 23 kwa 15. Kihisi cha simu ni kidogo mara nyingi kuliko hivyo, ndiyo maana simu hutegemea sana programu kusafisha picha.

Ununue kamera ipi?

Kwanza, jiulize kama unaihitaji. Simu nzuri inatosha kwa picha za familia, biashara ndogo ya mtandaoni na habari za haraka. Kamera yenye lenzi za kubadilisha ina faida pale unapotaka kupiga picha watu walio mbali, kwenye mwanga hafifu, wanaokwenda kasi, au unapotaka kuchapisha picha kubwa na kulipwa kwa kazi hiyo.

Sokoni kuna aina mbili kuu. DSLR ni kamera zenye kioo ndani kinachoakisi taswira hadi kwenye kitundu cha kuangalizia. Aina ya pili haina kioo, na unachokiona ni taswira ya kielektroniki inayotoka moja kwa moja kwenye kihisi. Kwa mwanafunzi, kamera isiyo na kioo ina faida kubwa: kabla hujabonyeza unaona jinsi picha itakavyokuwa, nyeupe au nyeusi. Lakini DSLR zinauzwa kwa bei nafuu sokoni, hasa zilizotumika, betri yake hudumu zaidi, na lenzi zake ni nyingi mitaani.

Kabla ya kulipa, fahamu kuhusu kiungio, yaani sehemu lenzi inapofungwa kwenye bodi ya kamera. Kampuni nyingi zina viungio vyao wenyewe. Canon walileta kiungio cha EF mwaka 1987, na kile cha RF kwa kamera zisizo na kioo mwaka 2018. Nikon wana kiungio cha F tangu 1959, na kile cha Z tangu 2018. Sony wana kiungio cha E tangu 2010. Lenzi ya EF inaweza kutumika kwenye bodi ya RF kwa kuweka adapta katikati, lakini lenzi ya RF haiwezi kutumika kwenye DSLR ya Canon. Kwa upande wa Nikon, bodi za ngazi ya chini kama zile za D3000 na D5000 hazina mota ya kuendesha lenzi za zamani. Lenzi hizo zitafunga vizuri, ila itabidi uzungushe mwenyewe kwa mkono mpaka taswira ikae sawa. Watu wengi hugundua hayo wakiwa wameshafika nyumbani.

Ukinunua kamera iliyotumika, kagua mambo haya:

- Idadi ya mibonyezo. Shata ni pazia linalofunguka na kufungwa kila unapopiga picha, na huchakaa kama kitu kingine chochote. Kwenye kamera nyingi za wanaoanza shata hutarajiwa kudumu takriban mara 100,000. Idadi hiyo inaweza kusomwa kwa programu za kompyuta au kwenye taarifa zilizofichwa ndani ya picha.
- Kuvu ndani ya lenzi. Washa tochi ya simu, imulike lenzi kutoka nyuma na uchungulie mbele. Nyuzi nyembamba kama za buibui ni kuvu. Lenzi zilizokaa sehemu zenye unyevu mwingi, kama Tanga, Mombasa au Zanzibar, zina hatari zaidi.
- Madoa kwenye kihisi. Weka f/16, piga picha ya ukuta mweupe, kisha ikuze. Madoa meusi yanayobaki mahali pale pale katika kila picha ni vumbi au mkwaruzo.
- Vitufe, kioo, betri na chaja. Jaribu kila kimoja. Weka memori kadi yako mwenyewe na upige picha kadhaa.
- Namba ya kamera na risiti. Kamera huibwa sana. Asiye na maelezo ya ilikotoka asipewe pesa yako.

Ushauri wetu kuhusu bajeti ni huu: usimalize fedha zote kwenye bodi. Bodi hupitwa na wakati baada ya miaka michache, lenzi nzuri hukaa miaka ishirini. Bodi ya kawaida yenye lenzi nzuri hutoa picha bora kuliko bodi ghali yenye lenzi dhaifu.

Lenzi: milimita na namba ya f

Kila lenzi huandikwa namba mbili. Ya kwanza ni urefu wa fokasi, unaopimwa kwa milimita. Namba ikiwa ndogo, lenzi huona eneo pana. Ikiwa kubwa, huona eneo dogo na kuvuta vitu karibu.

- Milimita 10 hadi 24: vyumba, majengo, umati wa watu uwanjani.
- Milimita 35 hadi 50: maisha ya kila siku, mtaani, sokoni, watu wawili au watatu.
- Milimita 85 hadi 135: uso wa mtu.
- Milimita 200 na zaidi: michezo, wanyama na ndege. Mtu anayepanga kwenda Serengeti au Maasai Mara akiwa na milimita 55 atarudi na simba wa ukubwa wa punje.

Kumbuka kuwa kihisi kidogo hukata kingo za taswira. Lenzi ya milimita 50 kwenye kihisi cha APS-C huona kama ya milimita 75 kwenye Nikon na Sony, au 80 kwenye Canon.

Umbali wako na mtu pia hubadilisha sura yake. Ukimsogelea mtu ukiwa na lenzi pana, pua inakuwa kubwa na masikio yanarudi nyuma. Ukisimama mita mbili au tatu na kutumia milimita 85, uso unatoka kama watu wake wanavyoujua. Picha nyingi ambazo mtu huzikataa akisema "huyu si mimi" zimepigwa kwa karibu mno.

Namba ya pili ni ya tundu la lenzi, nayo huandikwa kwa herufi f. Hapa wengi huchanganyikiwa, kwa sababu namba ndogo ina maana ya tundu kubwa. Ni sehemu ya urefu wa lenzi. Lenzi ya milimita 50 ikiwa kwenye f/1.8 ina tundu la kipenyo cha takriban milimita 28. Ikiwa kwenye f/16, tundu ni la milimita 3 tu.

Lenzi inayokuja na kamera dukani mara nyingi ni ya milimita 18 hadi 55, na ukiivuta hadi mwisho tundu lake kubwa ni f/5.6. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kuliko zote, huingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Katika ukumbi wa harusi wenye taa hafifu, hiyo ndiyo tofauti kati ya picha safi na picha iliyojaa chembechembe. Haivuti wala kurudi nyuma, kwa hiyo miguu yako ndiyo itakayofanya kazi hiyo, na ni njia nzuri ya kujifunza kupanga picha. Kwa mtu mwenye fedha za lenzi moja tu ya kuongeza, tunapendekeza aanze na hiyo. Kwenye APS-C, ile ya milimita 35 inafaa zaidi kwa vyumba vidogo.

Tundu kubwa pia hufifisha kilicho nyuma ya mtu, na hivyo uso hujitokeza. Lakini ukipiga picha ya familia ya watu kumi kwa f/1.8, mstari wa mbele utakuwa mkali na babu aliyekaa nyuma atafifia. Kwa vikundi tumia f/5.6 au f/8.

Kuhusu utunzaji: hifadhi lenzi kwenye chombo chenye mfuniko unaobana pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu. Usiifungie ndani ya mkoba wa ngozi miezi mitatu bila kuitumia. Vumbi lipulizie kwanza ndipo ufute kwa kitambaa laini. Ukifuta kwa shati, mchanga hukwaruza kioo.

Mambo matatu yanayouongoza mwanga

Mwangaza wa picha huamuliwa na mambo matatu: tundu la lenzi, kasi ya shata, na ISO.

Kasi ya shata ni muda ambao mwanga unaruhusiwa kuingia. Ukipiga kwa 1/1000 ya sekunde, bodaboda inayopita inaganda. Kwa 1/30 inakuwa mstari. Kwa mtu aliyetulia, 1/125 inatosha. Kwa watoto wanaokimbia au wacheza ngoma, anza na 1/500. Ukishika kamera mkononi, kasi isipungue namba ya milimita za lenzi: kwa lenzi ya milimita 200, usiende chini ya 1/200, vinginevyo mtikisiko wa mikono utaonekana.

ISO ni kiasi ambacho kamera inakuza ishara ya mwanga iliyoupata. ISO 100 ni ya juani. ISO 3200 ni ya ukumbini usiku. Kadiri inavyopanda ndivyo chembechembe zinavyoongezeka. Hata hivyo, picha yenye chembechembe ni bora kuliko picha iliyotikisika, kwa sababu chembechembe hupunguzwa kwenye kompyuta, na mtikisiko hauondoki.

Mambo haya matatu ni kama mizani. Ukiongeza hapa, unapunguza pale. Mipangilio ifuatayo inatoa mwangaza ule ule:

- 1/125, f/4, ISO 400
- 1/250, f/2.8, ISO 400
- 1/250, f/4, ISO 800

Kila hatua huongeza mwanga mara mbili au kuupunguza nusu. Namba za f hupanda hivi: 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Zikariri, zitakusaidia maisha yako yote ya kupiga picha.

Si lazima kuendesha vyote kwa mkono kuanzia siku ya kwanza. Geuza gurudumu la juu kwenye A, au Av kwa Canon. Hapo unachagua tundu, na kamera inachagua kasi. Ukizoea, nenda kwenye S au Tv, kisha M, ambako kila kitu ni chako.

Kwa nini nyuso zinapotea

Sasa turudi kwenye gauni na kanzu. Kipima mwanga cha kamera kimejengwa juu ya dhana kwamba mandhari yoyote, ukiichanganya yote pamoja, inakaribia rangi ya kijivu cha kati. Kikiona weupe mwingi, kinadhani mwanga umezidi na kinaupunguza. Gauni linakuwa la kijivu, na uso wa mtu mweusi, ambao ulikuwa na mwanga mdogo kuliko gauni, unazama gizani. Kinyume chake, mtu akisimama mbele ya pazia jeusi, kamera inaongeza mwanga na uso unapauka.

Kamera za kisasa zinatambua nyuso na hupunguza kosa hili, lakini hazijaliondoa. Dawa ni kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Penye weupe mwingi, ongeza hadi +1 au hata +1.5. Penye weusi mwingi, punguza hadi -1. Kisha angalia histogramu, ule mchoro wa vilima unaoonyesha mgawanyo wa mwanga. Kilima kikigonga ukuta wa kulia, sehemu nyeupe zimeungua na mapambo ya gauni yamepotea. Rudi nyuma kidogo.

Njia nyingine ni kupima uso peke yake kwa kipimo cha doa. Hapo pia kuna tahadhari: ukipima ngozi nyeusi sana, kamera itataka kuifanya ya kijivu cha kati na itaipausha. Punguza kwa nusu hatua au hatua moja ili ngozi ibaki na rangi yake.

Tatizo la ngozi nyeusi na kamera lina historia. Kwa miongo kadhaa, maabara za kusafishia picha zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Kilichoonekana sawa kwenye ngozi yake ndicho kilichohesabiwa kuwa sawa kwa wote. Ni katika miaka ya 1990 ndipo Kodak walipotoa kadi zenye watu wa rangi mbalimbali. Mwaka 2021, kampuni ya Google ilitangaza mfumo wa Real Tone kwenye simu za Pixel 6, ikieleza kuwa unalenga kuonyesha kwa usahihi zaidi ngozi za watu weusi. Kwa hiyo picha yako ikitoka mbaya, usikimbilie kulaumu rangi ya mtu. Ngozi nyeusi haina kasoro yoyote ya kupigwa picha. Inahitaji mwanga uliopangwa.

Ngozi nyeusi hupendeza inapopokea mwanga laini kutoka upande mmoja, kwa sababu inaung'arisha na kuonyesha umbo la uso. Mweke mtu karibu na dirisha, kwenye baraza, au kwenye kivuli cha mwembe akitazama upande wenye uwazi. Mtu mwingine ashike shuka jeupe upande wa pili ili mwanga urudi kwenye kivuli. Gharama yake ni sifuri.

Epuka saa sita mchana. Katika nchi zetu jua huwa karibu juu ya utosi, na macho hugeuka mashimo meusi. Mwanga mzuri ni wa asubuhi mapema na wa kuanzia saa kumi na moja jioni. Karibu na Ikweta jua huzama haraka, kwa hiyo wapange maharusi kabla halijaanza kushuka.

Usiku, usimmulike mtu flashi moja kwa moja usoni. Jasho la paji la uso litang'aa kama kioo. Elekeza flashi kwenye dari nyeupe ili mwanga ushuke taratibu, na uwe na leso mfukoni.

Kuhariri: kurudisha ulichokiona

Kamera huhifadhi picha kwa njia mbili. JPEG ni picha iliyokwisha kupikwa ndani ya kamera: ndogo, tayari kutumwa, lakini kila rangi ina ngazi 256 tu za mwanga. RAW ni malighafi. Ikiwa na biti 14 ina ngazi 16,384, kwa hiyo uso uliozama kidogo unaweza kuinuliwa bila kuharibika. Kama kazi ni muhimu, piga RAW, au zote mbili kwa pamoja.

Programu zinazojulikana zaidi ni Photoshop, iliyotoka mwaka 1990, na Lightroom, iliyotoka 2007, zote za kampuni ya Adobe na za kulipia. Zipo za bure na halali: darktable na RawTherapee kwa RAW, GIMP kwa kazi za kina, na Snapseed kwa simu. Tunashauri uanze na hizo kuliko kupakua programu zilizovunjwa ulinzi, ambazo mara nyingi huja na virusi.

Fuata mpangilio huu:

1. Chagua. Kati ya picha 400, mteja anahitaji labda 60. Zilizofungwa macho na zilizotikisika ziondoke.
2. Nyoosha na ukate. Upeo wa bahari usiinamie upande.
3. Sahihisha rangi. Balbu za zamani hutoa mwanga wa njano, kivuli hutoa wa buluu. Tafuta kitu kinachojulikana kuwa cheupe, kama kanzu, na ukitumie kama kipimo.
4. Sawazisha mwangaza. Punguza sehemu zilizong'aa mno, inua vivuli kwa kiasi. Vivuli vikiinuliwa kupita kiasi picha inakuwa kama imepakwa majivu.
5. Ongeza rangi kwa uangalifu. Zikizidi, ngozi za watu hugeuka machungwa.
6. Punguza chembechembe, kisha ongeza ukali kidogo.
7. Hifadhi nakala ya kutuma kwa mfumo wa rangi wa sRGB, ambao simu na studio nyingi za kuchapisha zinauelewa.

Usiongeze mwanga wa kioo cha kompyuta hadi mwisho unapohariri, maana utadhani picha ina mwanga wa kutosha na itachapishwa ikiwa giza. Na unapotuma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ukiituma kama picha ya kawaida hupunguzwa ukubwa na ukali.

Mpaka uko wapi?

Programu nyingi za simu zina kitufe cha "kupendezesha" ambacho hulainisha ngozi na, bila kusema wazi, huing'arisha. Mteja hakukuomba umbadilishe rangi. Chunusi ya siku mbili inaweza kuondolewa. Kovu, alama ya kuzaliwa na rangi ya ngozi ni vya mtu mwenyewe, na uamuzi ni wake. Picha za pasipoti na vitambulisho hazipaswi kubadilishwa sura hata kidogo.

Kwa habari, mpaka ni mkali zaidi. Mwaka 2006, wakati wa vita vya Lebanon, shirika la habari la Reuters liligundua kuwa mpiga picha wake wa kujitegemea alikuwa ameuongeza moshi kwenye picha ya Beirut kwa kompyuta. Lilikata uhusiano naye na kuziondoa sokoni picha zake zote 920. Picha zilizopigwa Ethiopia mwaka 1984 na Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, ziliitikisa dunia kuhusu njaa kwa sababu watazamaji waliamini kuwa walichokiona ndicho kilichokuwepo. Imani hiyo ndiyo mtaji wa mpiga picha.

Ridhaa nayo ni sehemu ya kazi. Omba ruhusa, hasa kwa watoto, wagonjwa na waliofiwa. Picha inayomtambulisha mtu inaweza kuhesabiwa kuwa taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022. Kambi za jeshi, vituo vya polisi na maeneo mengine ya usalama usiyapige bila kibali.

Linda kazi yako

Memori kadi hufa bila taarifa. Kanuni inayofuatwa na wengi ni nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, na moja ikae jengo jingine au mtandaoni. Usifute kadi mpaka uhakikishe nakala zinafunguka. Harusi hairudiwi, na mazishi hayarudiwi.

Mwezi wa kwanza wa mazoezi

Wiki ya kwanza, piga kitu kimoja, kwa mfano kikombe mezani, kila saa kuanzia alfajiri hadi magharibi, na uangalie jinsi mwanga unavyohama. Wiki ya pili, weka gurudumu kwenye A na upige uso wa mtu mmoja kwa f/1.8, f/4 na f/8. Wiki ya tatu, mweke mtu huyo mbele ya ukuta mweupe, kisha mbele ya pazia jeusi, na utumie kitufe cha kujumlisha na kutoa mpaka ngozi yake ionekane kama ilivyo. Wiki ya nne, hariri picha kumi tu, zichapishe studio, na umpe aliyepigwa azitazame. Muulize swali moja: je, huyu ni wewe?